Safari ndefu ya kazi haihitaji suti ya harusi, wala slipa za nyumbani

Ukitaka kumjua kijana anayetumwa ng'ambo na kazi kwa mara ya kwanza, usimuulize. Simama tu dakika kumi nje ya jengo la abiria wa kimataifa pale JKIA, jioni ndege za usiku zikijiandaa kuondoka. Utamwona. Amedunga suti mpya ya kubana, ndula nyeusi inameremeta, tai imekaza koo kama kamba ya mbuzi wa Krismasi. Akiwa mwanadada, yuko juu ya visigino virefu na sketi ambayo hata kupanda ngazi za matatu haimruhusu. Familia imemzingira, picha zinapigwa, shangazi analia machozi ya furaha. Mambo safi kabisa. Shida ni moja: mtu huyu anaenda kukaa kwenye kiti kimoja saa kumi na tano.

Ongeza dakika tano utamwona wa pili. Huyu ameshasafiri mara mbili tatu, sasa anajiona mwenyeji. Trakisuti iliyopauka, hudi yenye doa la mafuta, slipa juu ya soksi. Anakwambia ndege ni basi tu, nguo za maana ziko kwenye begi kubwa, atabadilisha akifika. Kwa maoni yangu huyu naye amekosea, na kosa lake linaweza kumgharimu zaidi ya lile la mwenye suti.

Ninachosema ni hiki: nguo za safari ya kazi ni chombo cha kazi, kama laptopu yako. Picha za kuagana hazizipimi, na raha ya saa mbili za kwanza pia haizipimi. Kipimo chake ni ile saa mlango wa ndege unafunguliwa upande wa pili, umechoka, miguu imevimba, na kuna mtu anakungoja mkae mezani mzungumze pesa. Nguo nzuri ni ile ambayo saa hiyo bado inakubeba.

Hiyo suti inatoka wapi?

Tusimcheke mwenye suti. Anajua anachofanya. Kwa miaka mingi uwanja wa ndege kwetu umekuwa kama kanisa, mahali ambapo huendi na nguo za shamba. Wazazi wetu walikodi matatu nzima kumsindikiza mtu mmoja, na aliyesafiri alivaa nguo bora aliyokuwa nayo kwa sababu safari ile ilikuwa ya ukoo mzima. Heshima hiyo naielewa, na sitaki ife.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo hatuisemi kwa sauti. Ni woga. Kijana mwenye pasipoti ya Kenya anajua ataulizwa maswali. Umeomba viza kwa wiki nyingi, umepeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri na uthibitisho wa hoteli, na bado unahisi kwamba yule afisa wa uhamiaji kwenye kibanda cha kioo anaweza kukutupia jicho mara moja akaamua wewe si mtu wa maana. Basi unajivika suti kama ngao.

Ngao hiyo ni ya karatasi. Afisa yule anataka pasipoti, viza, barua ya mwaliko, anwani ya mahali utakapolala, tiketi ya kurudi, na majibu yanayolingana na makaratasi hayo. Suti haijibu swali hata moja. Tena ukilala umeketi ndani ya koti la kubana usiku kucha, utafika kibandani koti limekunjamana kama gazeti la kufungia mandazi, shingo ina jasho, macho mekundu. Hapo sasa ndipo unapoonekana mtu mwenye wasiwasi. Unadhifu na utulivu vitakusaidia kuliko tai.

Kuna pia ile stori ya mtaani kwamba ukivaa suti utapandishwa daraja bure, ukajikuta mbele kule kwa mabazu. Mse, hiyo ndoto iache. Viti vya daraja la juu vikibaki, mashirika ya ndege huangalia kwanza nani ana pointi nyingi za usafiri na nani alilipa nauli ya aina gani. Kompyuta haioni suti yako.

Mwili wako ukiwa juu ya mawingu

Tufanye hesabu kidogo. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York mnamo Oktoba 28, 2018, na safari ya kwenda ni takriban saa 15. Hizo ni za angani pekee. Ongeza saa tatu za kufika uwanjani mapema, ongeza jam ya Mombasa Road, ongeza foleni ya uhamiaji na ya mabegi ukitua. Umekaa na nguo zile zile saa ishirini na zaidi. Wanaoenda Guangzhou kununua bidhaa, au London kwa kubadilisha ndege Addis Ababa, Doha, Dubai ama Istanbul, wanaweza kupita hapo.

Ndani ya ndege, hewa huwekwa kwenye presha ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Nairobi, kipimo cha chini ni kama uko nyumbani na cha juu ni kama umekwea hadi Nyahururu. Kwa mtu wa Mombasa, ni kama kupandishwa mlimani kwa ghafla. Presha ikishuka, gesi tumboni hupanuka. Ndiyo maana suruali iliyokukaa sawasawa dukani inaanza kukukata kiuno kabla hata chakula hakijaletwa.

Unyevu wa hewa mle ndani mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Ngozi inakauka, macho yanawasha, midomo inapasuka. Na kwa kuwa umekaa tu, maji ya mwili yanateremka miguuni. Kiatu kilichoingia vizuri ukiwa Embakasi kinakataa kuingia ukitua.

Kuna jambo zito kidogo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya wasafiri. Lilisema kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili mtu akikaa bila kusonga kwa saa nne au zaidi, iwe ni kwenye ndege, gari, basi au treni. Usishtuke. Kwa mtu mzima mwenye afya tatizo hili ni nadra, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini dawa yake ya kwanza haina gharama: inuka utembee, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umeketi, na usivae kitu kinachobana kiuno, nyonga na nyuma ya magoti. Suti ya kubana inabana pote patatu. Kama wewe ni mjamzito, unatumia vidonge vya kupanga uzazi, umefanyiwa upasuaji juzi, au umewahi kupata tatizo la damu kuganda, zungumza na daktari kabla ya safari. Anaweza kukushauri uvae soksi zile ndefu za kubana miguu zinazouzwa kwenye duka la dawa. Chini ya suruali hakuna atakayeziona.

"Nitabadilisha nikifika"

Sasa tumgeukie wa slipa. Hoja yake ina mantiki: nani anakuangalia usiku ndani ya ndege? Vaa vyako vya kulalia, ukifika utaoga, utapiga pasi, utatoka umeng'ara.

Utaoga wapi? Ndege nyingi za usiku hufika asubuhi. Hoteli nyingi nazo hukabidhi chumba alasiri, mwendo wa saa tisa. Kati ya hapo wewe ni mtu wa kukaa mapokezini na begi miguuni, na mkutano ni saa nne. Choo cha ndege ni kikubwa kama kabati la vyombo, na nje kuna watu sita wanagonga mlango. Choo cha uwanjani, sakafu imelowa na huna pa kutundika shati.

Halafu kuna lile begi kubwa lenye nguo za maana. Mabegi huchelewa, hasa unapobadilisha ndege na muda wa kuunganisha ni mfupi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama, unalipa shirika la ndege wajibu wa kukufidia begi likichelewa au likipotea, na lisipoonekana kwa siku 21 huhesabiwa limepotea. Sawa, sheria ipo upande wako. Lakini mkutano wako hausubiri siku 21. Utaingia mle chumbani na kile ulichovaa, na kama ulichovaa ni hudi yenye doa, ndivyo watakavyokukumbuka.

Kuna watu wanaosema kwamba siku hizi ulimwengu wa teknolojia haujali mavazi, kwamba hata matajiri wa kule Marekani wanavaa tisheti. Kweli, wanavaa. Tofauti ni kwamba tajiri akiingia na tisheti, kila mtu chumbani ameshajua yeye ni nani. Wewe hawakujui. Umetoka mbali, jina lako wanalitamka vibaya, na una dakika thelathini. Hiyo si haki, najua, na ningependa dunia iwe tofauti. Lakini sioni sababu ya kuwapa kisingizio cha bure.

Basi tudunge nini?

Hapa ndipo nataka uchukue kalamu, kwa sababu raha na unadhifu havigombani hata kidogo. Vinahitaji kupangwa tu. Waswahili walisema usione vyaelea, vimeundwa. Yule mtu anayeshuka kwenye ndege ametulia kana kwamba ametoka nyumbani sasa hivi, hakuamka hivyo. Alipanga.

Anza na suruali. Chagua rangi iliyokolea: nyeusi, buluu ya bahari, au kijivu cha makaa. Rangi hizi zinaficha tone la kahawa. Kitambaa kiwe na mvutiko kidogo. Jinzi ngumu iache, mishono yake itakuchora mapaja na haikauki upesi ikilowa. Kitani ni maridadi ukitembea Lamu, lakini saa moja kwenye kiti inatosha kukigeuza kitambaa cha kupigia deki. Watu wengi wakisikia sufu wanafikiria sweta ya shule, kumbe kuna sufu nyembamba ya suruali ambayo haikunjiki ovyo na haishiki harufu haraka. Hiyo utaipata Gikomba ukiamka mapema marobota yakifunguliwa, kabla kamera haijaisha mkabaki mnapigania fagia. Kipimo ni ngumi yako: finyanga kitambaa, hesabu hadi kumi, achilia. Kikibaki na makunyanzi, kirudishe.

Ukishapata suruali, mpelekee fundi. Mwambie akuwekee lastiki upande wa nyuma wa kiuno tu, mbele pabaki palivyo. Ni kazi ndogo kwa fundi yeyote mwenye cherehani, na koti litaifunika. Tumbo likipanuka angani, suruali inapanuka nalo. Likirudi, nayo inarudi.

Juu, vaa matabaka. Tisheti safi isiyo na maandishi au shati laini, juu yake sweta nyembamba, kisha koti. Koti liwe lile laini, lisilo na sponji mabegani wala bitana nzito. Siri yake ni hii: usilikalie. Ukifika kwenye kiti chako livue, ligeuze ndani nje, likunje mara moja, liweke juu ya mabegi yote kule kwenye kabati. Usiliweke chini yake. Ukikaribia kutua, osha uso, piga mswaki, vaa koti. Dakika tano, na wewe ni mtu mwingine.

Matabaka yana faida ya pili. Usiku wa Julai pale JKIA unaweza kuwa na baridi ya kutetemesha meno. Ukishuka Dubai mwezi huo huo joto linapita nyuzi 40. Ukiunganisha kwenda London mwezi wa Januari utakuta nyuzi tano hivi. Nguo moja nzito haiwezi kukutumikia pote huko. Nguo tatu nyepesi zinaweza.

Viatu. Raba za ngozi za rangi moja, safi, zisizo na nembo inayopiga kelele, zinaingia kwenye mikutano mingi siku hizi. Ama viatu vya ngozi laini visivyo na kamba, ambavyo utavivua na kuvivaa haraka pale kwenye ukaguzi. Usiende na kiatu kipya. Kivae wiki mbili mjini kwanza, kipasue wewe kabla hakijakupasua. Visigino vina nafasi yake: ndani ya begi la mkononi. Na tafadhali, usiende msalani na soksi peke yake. Yale majimaji sakafuni si maji.

Kina dada, gauni la kitambaa cha jezi linalopita goti, au suruali pana pamoja na koti, vitawapeleka hadi mkutanoni bila pasi. Sidiria isiyo na waya itakuokoa usiku mzima, na pia pale kwenye mlango wa ukaguzi unaolia. Wenye hijabu, ile ya jezi isiyohitaji pini ni rahisi kulala nayo. Kwa nywele, kofia ya satini ndani ya mkoba inalinda kazi ya msusi isiharibiwe na kile kitambaa cha kichwani kwa kiti.

Halafu beba leso. Hii naisema kwa wote, wanaume kwa wanawake. Leso moja ni shuka, ni mto ukiikunja, ni shela ukipata baridi, ni mkeka wa kusalia ukiwa unangoja ndege nyingine. Mwanamume anayeona haya abebe shuka la Kimaasai. Litampa joto, na halitahitaji kurudishwa kwa mhudumu.

Mwisho, begi la mkononi. Ndani yake weka shati moja la akiba lililokunjwa vizuri, chupi, soksi, mswaki, taulo ndogo, na mafuta ya ngozi yasiyozidi mililita 100. Hiyo ndiyo bima yako begi kubwa likienda likizo ya peke yake.

Jaribu ukiwa huku

Watu wananunua nguo ya safari Ijumaa wanaivaa Jumapili uwanjani. Hapo ndipo unapogundua, ukiwa juu ya Sudan, kwamba mshono wa kwapani unakwaruza. Jaribu nguo yako yote siku ya Jumamosi. Panda matatu kutoka Githurai au Rongai wakati wa jam, kula ugali ushibe, kaa saa nne ukitazama mpira, panda ngazi za jengo fulani mjini. Una safari ya Mombasa? Bora zaidi. Basi la usiku, karibu kilomita 500, ni mtihani tosha. Kitu kikikuuma huko, angani kitakuuma mara mbili.

Na nguo zetu je?

Hapa najua tutabishana, na tubishane. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda ndani ya ukumbi wa Bunge, wakati ambapo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana nazo mara kwa mara. Sitaingia kwenye siasa zao. Ninachokiona ni kwamba hata sisi wenyewe hatujakubaliana kama vazi linalofaa jua letu ni rasmi. Kisha tunashangaa kijana akiogopa kulivaa mbele ya wageni.

Profesa Wangari Maathai alipokwenda Oslo, Norway, kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel mnamo Desemba 10, 2004, alisimama mbele ya dunia na vazi lake la Kiafrika na kitambaa cha kichwani. Hakuna aliyedhani hajavaa rasmi.

Kwa safari ndefu, suti ya Kaunda iliyoshonwa kwa kitambaa chepesi ni jibu zuri sana. Haitaki tai, haitaki shati ndani, inakaa nje ya suruali kwa hivyo lastiki yako imejificha. Ukiongeza sweta nyembamba, baridi ya ndani ya ndege haikupati. Koti la kitenge juu ya suruali nyeusi nalo ni mjanja: maua yake yanaficha mikunjo na doa la supu. Angalizo langu ni dogo. Usijivike kitenge kutoka utosini hadi kwenye kisigino kama mtu wa maonyesho ya watalii kwa sababu tu unaenda ng'ambo. Vaa kile ambacho ungekivaa kazini Westlands siku ya kawaida. Mtu huonekana nadhifu akiwa ndani ya nguo aliyoizoea.

Mabosi, hii ni yenu

Lawama zote tusiwatupie vijana. Kuna kampuni na mashirika yanayomtuma kijana wa kandarasi safari ya saa kumi na tano, yakamwandikia awe amevaa rasmi, yakamkatia tiketi ya kufika saa moja asubuhi na kikao saa tatu, halafu marupurupu ya safari yakaja akisharudi. Kijana anafanya nini? Anakopa kwa simu, ananunua suti, anaenda kuwakilisha kampuni na deni mfukoni. Akirudi, suti inaning'inia kabatini ikingoja harusi ya binamu, na deni linaendelea kuzaa riba.

Hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika mambo haya yote. Suti ya uoga inavaliwa mara moja. Suruali nzuri, koti laini na viatu vya ngozi vilivyozoea mguu utavivaa Jumatatu ukirudi kazini, na Jumanne, na kwenye mahojiano ya kazi inayofuata. Kwa pesa zile zile, au hata chache zaidi ukijua kuchagua mitumba, unapata nguo za mwaka mzima.

Kwa hivyo, mabosi, lipeni marupurupu kabla ya safari. Mpeni mtu usiku mmoja wa kulala kabla ya kikao, au angalau ombeni hoteli imkabidhi chumba mapema. Na mkitaka suti, semeni kwa nini. Mara nyingi mtagundua kwamba hamjui.

Nanyi vijana wenzangu, safari ikitangazwa, kabla ya kukimbilia duka la suti simameni mbele ya kioo mjiulize maswali matatu. Naweza kulala ndani ya nguo hii? Naweza kuamka nayo nikaingia mkutanoni moja kwa moja? Nitaivaa tena Jumatatu nikiwa Nairobi? Ukijibu la kwa swali moja, tafuta nguo nyingine, muda bado upo. Ukijibu ndiyo yote matatu, funga begi, piga picha na shangazi, uende ukaifanye ile kazi uliyotumwa.